Ng'ombe, Keki na Chaki: Namna ya Kumuaga Mwalimu Mkuu

Msimu wa kuwaaga walimu wakuu mjini Eldoret hautangazwi redioni, lakini hujulikana. Hema hupigwa katika uwanja wa gwaride, viti vya plastiki hupangwa safu kwa safu, na kipaza sauti hugombana na upepo tangu asubuhi. Wanafunzi wa zamani huja kutoka Nairobi na Kisumu, na wale waliohamia Pwani hupanda mlima mzima, zaidi ya mita elfu mbili juu ya bahari, wakiwa wamesahau sweta. Hapa Uasin Gishu zawadi ya heshima bado ni mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, naye huletwa mbele ya wageni na utepe shingoni, akishangaa vigelegele. Mursik humiminwa kutoka kibuyuni. Akina mama wa mitaa yetu huleta leso, na mwalimu akiwa mwanamume huvishwa kanzu mpya hata kama hajapata kuivaa maishani mwake. Keki hukatwa, hotuba hutolewa, moja ikiwa ndefu kuliko nyingine, na kabla ya magharibi mwalimu mkuu hupakiwa garini pamoja na zawadi zake, lango likafungwa.

Hatuna neno baya juu ya sherehe hizi. Jamii isiyojua kumshukuru mwalimu imeshapoteza kitu kikubwa, na watu wa Eldoret, Waislamu kwa wasiokuwa Waislamu, wanajua kushukuru. Swali letu ni juu ya kesho yake. Mtu aliyeongoza shule miaka ishirini huamka siku ya kwanza ya kustaafu bila kengele ya kumngoja, na shule ileile iliyomlilia jana huamka ina upungufu wa mwalimu wa hisabati. Mambo haya mawili yako katika mji mmoja, pengine katika mtaa mmoja, na hakuna anayeyakutanisha.

Ili tuone ni kitu gani hasa kinachoondoka na mtu huyu, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Eldoret ni mji mchanga. Walowezi wa Kizungu kutoka Afrika Kusini walifika katika uwanda huu 1908 na magari yao ya ng'ombe. Posta ikafunguliwa 1910 katika shamba lililoandikwa nambari 64, na mpaka leo wapo wazee wanaouita mji kwa nambari hiyo. Jina la Eldoret likafuata 1912. Mji ulioanza hivyo ulikuwa na shule kwa mpangilio huohuo. Chini ya ukoloni watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walisoma mbalimbali, kila kundi na shule zake, na fedha hazikugawanywa kwa haki. Ilipokuja 1963, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha mwalimu mkuu katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya watoto wa wengine alikuwa mtangulizi kwa maana kamili ya neno. Wengi wa watu hao wameshastaafu zamani, na wengi wameshafariki.

Wanaostaafu sasa ni wanafunzi wa wale. Mwalimu anayetimiza miaka sitini leo alizaliwa baada ya bendera ya uhuru kupandishwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 alikuwa kijana. Akaufundisha karibu maisha yake yote ya kazi, akauona ukizeeka, na mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulipofanywa 2023 alikuwa bado ofisini. Alipokea mafuriko ya watoto elimu ya msingi ilipofanywa ya bure 2003, madawati yakiwa yale yale. Huyu naye ni mtangulizi, ingawa wa aina nyingine. Shule nyingi za kutwa zilizouzunguka mji wetu hazikukabidhiwa kwa mtu zikiwa na majengo na maabara. Zilianza kwa darasa moja la kuazima, kwa harambee, kwa mwalimu mkuu aliyekuwa pia karani, mwashi wa mwishoni mwa juma na msuluhishi wa ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Mtu wa namna hiyo anajua ni familia gani ya Langas isiyoweza kulipa karo mpaka mahindi yavunwe, na ni binti gani wa Munyaka ambaye baba yake atakubali aendelee na masomo iwapo tu ataambiwa na mtu anayemwamini. Ujuzi huo hauandikwi katika ripoti ya makabidhiano. Mrithi wake hukabidhiwa funguo, vitabu vya hesabu na orodha ya viti.

Jambo hili la kuaminiwa watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa sana. Serikali ilipofungua shule ya wasichana Unguja 1927, majengo hayakuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kumshawishi mzazi amtoe binti yake nyumbani. Wazazi hawakushawishiwa na waraka wa serikali. Walishawishiwa na watu, hasa walimu wanawake waliojulikana kwa nasaba na kwa mwenendo. Na katika miji ya bara ambako sisi ni wachache, imani ya mzazi Mwislamu kwa shule ya serikali mara nyingi hukaa kwa mtu mmoja: mwalimu mkuu aliyeruhusu hijabu bila kelele, aliyepanga mtihani wa majaribio usigongane na sala ya Ijumaa, aliyejua kwamba mtoto anayesinzia mwezi wa Ramadhani si mvivu. Akiondoka huyo, imani ile huondoka naye mpaka mwingine aijenge upya, na kuijenga huchukua miaka.

Basi afanywe nini mtu huyu baada ya keki? Tunayo mifano miwili ya watu mashuhuri wa elimu katika nchi yetu. Wote wawili walikuwa wageni, na wote wawili wa dini isiyokuwa yetu, lakini jibu walilolitoa kwa maisha yao linatufaa.

Wa kwanza ni Edward Carey Francis. Mwingereza huyu alizaliwa 1897, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, akasoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge na akawa mhadhiri hapo hapo. Angeweza kuzeeka kwa raha katika bustani za chuo kile. Mwaka 1928 aliacha yote akaja kuongoza shule ya Maseno, na 1940 akahamishiwa Alliance High School, Kikuyu, alikokaa mpaka 1962. Ni vigumu kumweleza kijana wa leo ukubwa wa kiti kile. Katika miaka hiyo Alliance ilikuwa mlango mwembamba ambao Mwafrika aliyetaka elimu ya juu alilazimika kuupitia, na serikali ya kwanza ya Kenya huru ilijaa watu waliokuwa wamepita mikononi mwake. Oginga Odinga alisoma Maseno. Ngugi wa Thiong'o aliingia Alliance 1955, wakati wa hali ya hatari, na baadaye sana akaandika kitabu kizima cha kumbukumbu juu ya miaka yake pale.

Hatumsifu kupita kiasi. Alikuwa mtu wa amri, aliyeishi ndani ya dola ya kikoloni na kuiamini zaidi kuliko wanafunzi wake walivyoiamini, na juu ya vita vya ukombozi wapo wanaomlaumu mpaka leo kwa haki. Kumheshimu mwalimu si kumpaka chokaa. Linalotuhusu hapa ni alilofanya 1962. Alipokabidhi Alliance, shule iliyokuwa kilele cha elimu nchini, hakupanda meli kurudi kwao, wala hakutafuta kiti cha ushauri wizarani. Alikwenda Pumwani.

Msomaji wa Eldoret aliyepata kuishi Nairobi anaijua Pumwani: mtaa wa zamani wa Waafrika uliopangwa na wakoloni, Majengo yake, msikiti wake wa Riyadha, Kiswahili chake kilichochanganyika na kila lugha, na umaskini wake. Waislamu wamekuwa wengi pale tangu mwanzo. Katika shule ya sekondari ya mtaa huo, kwa watoto ambao Alliance isingewapokea, Carey Francis aliomba kazi ya ualimu. Hakwenda kuwa mkuu. Alikuwa mwalimu wa kawaida, mwenye ratiba aliyopangiwa na mwingine na madaftari ya kusahihisha, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Aliendelea hivyo miaka minne, mpaka alipofariki 1966 angali kazini.

Tuutazame uamuzi huo vizuri, maana ndani yake mna hekima ambayo si rahisi kuiona mara moja. Angebaki Alliance, hata kama mwalimu tu wa hisabati, mkuu mpya asingepumua. Kila amri mpya ingepelekwa kwanza nyumbani kwa mzee kuulizwa. Sisi sote tumeona shule ambayo mkuu wa zamani anaishi ng'ambo ya barabara, na kila mwalimu aliyekemewa huvuka barabara hiyo jioni kwenda kulalamika. Carey Francis alikiacha kiti, akakiacha na kivuli chake. Alichokichukua ni chaki.

Mfano wa pili uko karibu na sisi zaidi, mwendo wa kilomita thelathini na kitu kutoka Eldoret, juu ya ukingo wa bonde la Kerio. Bradha Colm O'Connell, mtawa wa Kikatoliki kutoka Ayalandi, aliwasili katika shule ya upili ya St. Patrick's, Iten, 1976 kufundisha jiografia. Alikusudia kukaa muda mfupi. Habari za riadha hakuzijua. Mkufunzi aliyemkuta shuleni, Mwingereza Peter Foster, ndugu wa mwanariadha Brendan Foster, alipoondoka alimwachia kazi ya kuwatazama vijana wakikimbia. Yaliyofuata yanajulikana dunia nzima. Peter Rono alishinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul 1988. Ibrahim Hussein, aliyepita katika shule hiyo, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, 1987, kisha akaishinda Boston mara tatu. Bradha Colm mwenyewe alipanda kutoka darasani mpaka kiti cha mwalimu mkuu.

Naye zamu yake ya ofisi ilikwisha. Yeye, tofauti na Carey Francis, hakuhama. Alibaki katika uwanja uleule wa shule. Lakini angalia alibaki kama nani. Hakubaki katika ofisi ya karo na nidhamu, ambako mkuu mpya angemkuta kila asubuhi. Alibaki uwanjani, katika kazi ambayo hakuna aliyeijua kama yeye na ambayo haikugombana na mamlaka ya mtu. Miaka mingi baada ya kuukabidhi uongozi alimlea kijana aitwaye David Rudisha, ambaye 2012, katika Olimpiki ya London, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi mpya ya dunia. Laiti tungemwaga Bradha Colm kwa keki na mtamba na tiketi ya ndege, Rudisha angempata nani?

Katika shule hiyo ya Iten upo utamaduni mmoja tunaoupenda kuliko nishani: mwanafunzi anayepata ushindi mkubwa hupandiwa mti wenye jina lake. Miti imekuwa, mingine mirefu kuliko madarasa, na mtoto wa kidato cha kwanza hula chakula cha mchana kivulini mwa bingwa. Twadhani walimu wakuu nao wangestahili miti hiyo.

Tunayo basi njia mbili, ya Pumwani na ya Iten, na zote mbili zinatuhusu hapa Eldoret kwa sababu ya haja tuliyo nayo. Tangu 2023 watoto wa sekondari msingi wanasomea katika viwanja vya shule za msingi, na kilio cha uhaba wa walimu wa sayansi na hisabati hakijanyamaza. Bodi za shule huajiri walimu wa muda kwa fedha za wazazi, mara nyingi vijana ambao ndiyo kwanza wametoka chuoni na hawana mtu wa kuwaonyesha namna ya kutuliza darasa la watoto themanini. Madrasa zetu nazo zina majengo, zina mabenchi, na Jumamosi alasiri zimekaa bure. Wakati huohuo, umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka sitini (ilikuwa hamsini na tano mpaka 2009), na mtu wa miaka sitini aliyelala usingizi wake na kunywa maziwa yake bado ana nguvu za kutosha kusimama ubaoni saa mbili kwa juma.

Wapo watakaosema huku ni kumtumikisha mzee bure. Hoja hiyo ni nzito, na wanaopenda kusema neno "kujitolea" wangefaa kuitafakari. Mwalimu aliyestaafu si tajiri. Historia ya malipo ya uzeeni ya walimu wa Kenya haipendezi: maelfu waliostaafu baada ya makubaliano ya mishahara ya 1997, hesabu yao ikitajwa kuwa 52,000, walilazimika kwenda Mahakama Kuu mjini Nakuru kudai pensheni iliyohesabiwa kwa mishahara ile mipya. Mahakama iliwapa haki yao 2008, na bado baadhi yao walizikwa wakisubiri hundi. Tangu Januari 2021 upo mpango mpya ambao mwalimu huchangia sehemu ya mshahara wake na serikali huongeza yake, lakini faili la anayestaafu miaka hii bado laweza kuchelewa kutembea. Mtu huyo tukimpa kanzu na makofi, kisha tukamwomba afundishe bila hata nauli ya matatu kutoka Kapsoya, tutakuwa tumemheshimu kwa mdomo tu.

Kwa hiyo kamati ya maandalizi, kabla haijakodi hema, ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumuuliza mwalimu, kwa faragha na kwa adabu, karatasi zake za pensheni zimefika wapi. Hili ni swali ambalo watu huona haya kuliuliza, na mwalimu mkuu, aliyezoea kuwa mtatuzi wa shida za wengine, huona haya zaidi kulijibu. Katika kila jamaa ya wanafunzi wa zamani yupo wakili, yupo mhasibu, yupo anayefanya kazi Nairobi karibu na ofisi husika. Siku moja ya mtu wa namna hiyo, akifuatilia faili dirisha kwa dirisha, humfaa mwalimu kuliko keki ya ghorofa tatu.

Ya pili ni kumtafutia darasa, si shule yake ile ile bali nyingine, kama alivyofanya Carey Francis; na ikiwa ni ile ile, basi iwe kazi isiyogusa ofisi, kama ya Bradha Colm. Inaweza kuwa saa mbili za hisabati kwa watoto wa mtaa, Jumamosi katika banda la madrasa, na kapu la mchango la kila mwezi kwa ajili ya bahasha yake. Inaweza kuwa kukaa nyuma ya darasa la mwalimu kijana mara moja kwa juma, kimya, kisha kumwambia wakinywa chai ni wapi alipowapoteza watoto. Kwa mwalimu mwanamke aliyelea mabinti wetu, pengine kazi kubwa kuliko zote ni ile aliyoifanya miaka yote bila kuhesabiwa, ya kuingia nyumba kwa nyumba mwezi wa Januari kuuliza ni nani hakurudi shule na kwa nini. Kuna nyumba ambazo mgeni hawezi kuingia na swali hilo. Yeye ataandaliwa chai.

Mkuu mpya naye ana haki yake. Aambiwe mapema, na atoe idhini, asije akasikia kwa majirani kwamba mtangulizi wake amerejea kwa mlango wa nyuma. Mwalimu mkongwe naye aahidi mbele ya watu kwamba malalamiko ya walimu hatayapokea nyumbani kwake. Wenye hekima watajiwekea sharti hilo wenyewe. Wasiokuwa nayo wapewe mtamba tu, na waombewe heri.

Na yupo atakayesikiliza yote haya, akatabasamu, akasema amechoka. Kwamba miaka thelathini na mitano ya kengele inamtosha, na sasa anataka kulima mahindi yake Moiben na kuwaona wajukuu. Huyo asibembelezwe mara ya pili. Aongezewe magunia mawili ya mbolea juu ya huyo ng'ombe, na asindikizwe mpaka kwake.